Ndugu Yangu na Ndege wa Chovai

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupiga picha watu wasiocheka. Studio yetu ilikuwa Mogadishu, katika mitaa ya zamani ya Hamarweni: chumba cha mbele chenye kiti, taa na pazia lililochorwa bustani, na nyuma yake chumba cha giza nilichosafishia filamu. Watu walikuja kwa picha za pasi, za vitambulisho vya kazi, mara moja moja za harusi. Wote niliwaambia maneno yale yale: inua kidevu, usipepese macho, tulia. Wakatulia. Nilichoshwa na utulivu ule kuliko nilivyojua mwenyewe.

Mwenye studio, mzee mpole aliyenifundisha kazi tangu sijui kushika kamera, alipojaliwa kwenda kuhiji aliamua kufunga mlango mpaka arudi.

"Na wewe pumzika," akaniambia. "Nenda kwenu ukaonane na watu wako."

Kisha akafungua kabati la chuma akatoa lenzi ndefu, nzito, ambayo mteja mmoja wa Kitaliano alimwachia alipokuwa akihama nchi. Sikumbuki kama tuliwahi kuitumia. Chumba chetu kilikuwa kidogo mno kwake. Ukimtazama mteja kwa lenzi ile huoni ila pua.

"Hii inalala tu humu," alisema. "Katafute kitu kilicho mbali."

Nilijua papo hapo nitakipiga nini. Kwetu ni Chovai, katika visiwa vya Wabajuni, na nilipokuwa mtoto nilikuwa na tabia moja iliyowaudhi watu: nikitumwa kuni kwenye mikoko nilisahau kuni nikabaki kutazama ndege. Sikuwa nawinda. Nilipenda kuwatazama tu. Sasa nilikuwa na njia ya kurudi nao.

Hapa lazima nimtaje ndugu yangu, kwa sababu bila yeye hakuna la kusimulia. Mama aliyenizaa alifariki kabla sijaota meno. Jirani yetu, ambaye naye alikuwa na mtoto mchanga, akanichukua akaninyonyesha pamoja na wake. Kwa dini yetu na kwa desturi ya kisiwani, mtoto yule akawa ndugu yangu, na mwanamke yule akawa mama yangu, sikumjua mwingine. Tulilala mkeka mmoja, tulipigwa pamoja kwa kosa la mmoja wetu, na siku ya Idi tulivishwa kanzu za jora moja. Mtu akitaka kumwita mmoja aliita majina yote mawili, maana hakuwa na hakika ni nani atakayetokea. Tulipokua, mimi nilikwenda Mogadishu. Yeye alihamia Kismayu, akapata ukarani bandarini, akaoa, akajenga nyumba ya mawe si mbali na soko la samaki.

Siku niliyofika alikuja kunipokea kwenye kituo cha malori. Alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka.

"Nduyangu! Umekonda kama uzi. Huko Mogadishu hawapiki?"

"Wanapika, ila majumbani kwao."

Alicheka, akachukua begi langu, akaona lile bomba la lenzi lililofungwa kwa shuka. Nikamweleza. Akaliinua, akachungulia kinyumenyume, akanirudishia.

"Basi nami nachukua likizo," alisema. "Peke yako utazama kwenye tope, halafu mama aniulize mimi."

Tulianzia Gobweni, kule mto Juba unakoingia baharini. Mfanyabiashara wa ndizi alitupa nafasi kwenye gari lake, tukashuka kabla jua halijawa kali, tukavuka matuta ya mchanga kwa miguu. Mlangoni mwa mto maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na katikati yake viboko walikuwa wametoa masikio na pua tu, wakitema pumzi kama mtu anayezima taa. Upande wa pili, kwenye fungu la mchanga, ndege wale waitwao mwari walikuwa wamejipanga, wanene, weupe wenye waridi kidogo kifuani, midomo wameilaza juu ya shingo.

Nikalala kifudifudi. Ndugu yangu akalala kando yangu, lakini kunyamaza kulimshinda.

"Wanafanya nini?"

"Wamelala."

"Sasa unapiga picha ya kulala?"

Kabla sijamjibu akasimama akapiga makofi. Mwari wote wakainuka kwa pamoja, kwa kishindo cha mabawa kilichonifanya nisahau kukasirika, nami nikafyatua, nikafyatua tena, mpaka walipogeuka juu ya mto na kuwa vidoa. Nilimtukana. Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa hao ni ndege," alisema. "Wale wa mwanzo walikuwa mito ya kitandani."

Nilimsamehe mara moja, maana alikuwa na haki. Picha ile ya mabawa, niliijua moyoni kabla ya kuiona kwenye karatasi.

Baada ya Gobweni tulikwenda visiwani kwa mashua yake ndogo ya injini, urithi wa baba yake. Tulikuwa wawili tu. Kwa ile kelele ya injini tulizungumza kwa kupiga kelele, na yeye ndiye aliyekuwa na mengi ya kusema. Hizi zilikuwa enzi za serikali ya wanajeshi, na watu walikuwa wamejifunza kusema kwa kukata maneno katikati. Baharini hakuna jirani, basi ndugu yangu hakukata. Alilalamikia ushirika wa wavuvi uliochukua injini za watu kisha ukazitelekeza zikaota kutu. Alilalamikia mkubwa wake bandarini, mtu aliyewekwa pale kwa ukoo wake, asiyejua kusoma hati ya shehena. Alisema mambo kuhusu wakubwa wa nchi ambayo sitayaandika hata leo, si kwa hofu, bali kwa sababu alinieleza mimi peke yangu.

"Usiyachukue haya Mogadishu," alinipigia kelele.

"Nitawaeleza mwari," nikamjibu.

Mama alitupokea ufukweni Chovai akiwa ametanda kanga, mkono mmoja kiunoni. Alipoelezwa nilichokuja kufanya akageuka kunitazama.

"Umetoka kote huko kuja kupiga picha ndege? Wachu wamekwisha?" Kwa Kibajuni chake, watu ni wachu.

Tulikaa naye likizo karibu yote iliyobaki. Maji yakipwa tuliingia kwenye mkono wa bahari nyuma ya kisiwa, tope likitumeza hadi magotini, mizizi ya mikoko ikitukwaruza. Yangeyange walisimama kwenye matawi kama nguo zilizoanikwa. Kulikuwa na korongo mmoja wa kijivu aliyevua mahali pamoja kila siku, mkali, asiyetaka mwenzake karibu. Lakini niliowataka zaidi ni wale ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wanaokula kaa na kutaga mayai kwenye mashimo wanayochimba mchangani wenyewe. Wanatembea kwa makundi juu ya fungu, kwa haraka, kama watu waliochelewa swala. Niligundua kwamba mtoto wao, hata akishakuwa mkubwa kama mzazi, bado humfuata nyumanyuma, ameinamisha shingo, akiomba kulishwa. Mzazi hukamata kaa, humtikisa mpaka miguu itoke, halafu humpa.

"Angalia," ndugu yangu alininong'oneza. Siku hizo alikuwa amejifunza kunong'ona. "Yule mkubwa mzima na bado anadai chakula. Ni wewe yule."

Alikuwa amependa kazi ile. Alinibebea filamu kwenye kikapu zisilowe, aliniwekea kivuli kwa kanzu yake, aliniambia ndege wametua wapi kabla sijawaona. Nilimpiga picha moja yeye mwenyewe, amesimama kwenye tope mpaka magotini, anacheka, na korongo wa kijivu nyuma yake amekasirika.

Siku ya mwisho mama alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Maisha yake yote alikataa picha. Alisema sura yake Mungu anaijua, inatosha. Asubuhi ile alitoka amevaa kanga mpya, akaketi kwenye kizingiti cha mlango, akakunja mikono.

"Haya," alisema. "Nipige na mimi, kama ndege wako. Lakini usiniambie nitulie. Nimetulia tangu sijakuzaa."

Alisema "sijakuzaa." Ndugu yangu alinitazama, na sisi sote wawili tukatazama chini. Nilimpiga picha akiwa anatukaripia, kidole juu, mdomo wazi. Nilipiga moja tu, filamu ilikuwa inakwisha.

Tukirudi Kismayu bahari ilikuwa shwari, na ndugu yangu alizima injini mbele ya mji ili tule tende alizotufungia mama. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Nikaielekeza lenzi mjini, bila kupiga chochote, nikacheza nayo tu kama mtu anavyocheza na kitu atakachokirudisha kwa mwenyewe.

"Lenzi hii," nikamwambia, "unaweza kuhesabu misumari ya geti la bandari."

"Mingapi?" akauliza.

"Njoo uhesabu mwenyewe."

Hakuja. Alikuwa anatafuna tende. Aliwasha injini tukaingia mjini.

Ijumaa baada ya swala alichelewa kurudi nyumbani. Mimi na shemeji yangu tulimsubiri, wali ukapoa, ukapashwa moto. Alipofika alinawa mikono kwa muda mrefu. Tulikula sinia moja. Alichagua mnofu wa tumboni, ule laini, akausogeza upande wangu. Nilipourudisha, akausogeza tena.

"Kula. Wewe mgeni."

"Tangu lini?"

Shemeji, ambaye kwa kawaida alikuwa mzungumzaji na alipenda kunisimanga kwa kutokuoa, alikula ameinama na akaondoka kabla ya chai. Nilidhani wamegombana. Hata nilimwonea huruma ndugu yangu, nikafikiria kumnunulia kitu kabla sijaondoka, kitu cha kumpa mkewe.

Kesho yake, tukinywa chai na mikate ya anjera, watu wawili wenye mashati ya kawaida na viatu vizuri waliingia uani bila kubisha. Waliniuliza jina langu kwa Kisomali. Waliuliza kamera iko wapi. Ndugu yangu alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Nenda nao tu," aliniambia. "Ni mambo ya kuuliza. Utarudi kabla ya chakula cha mchana."

Nilikwenda nikiwa na aibu zaidi ya hofu, kwa kuwa nilikuwa nimemletea fujo nyumbani kwake. Nataka niliseme hili wazi: njia nzima, katikati ya wale watu wawili, nilikuwa nikiwaza namna ya kumwomba radhi.

Afisa wa usalama aliyenihoji alikuwa mtu mwembamba, mstaarabu. Aliniletea chai. Mezani mbele yake aliziweka kamera, lenzi na makopo yote ya filamu zangu. Aliniuliza nafanya kazi wapi, nani aliyenipa lenzi, Mtaliano yule yuko wapi sasa. Nilimjibu yote. Nikamwambia ni ndege, kwamba kama ana mtu wa kusafisha filamu pale Kismayu, azisafishe, ataona ndege tu.

"Kusafisha kunachukua muda," alisema.

Akafungua kopo la kwanza, akashika ncha ya filamu, akaivuta. Dirisha lilikuwa wazi na jua lilikuwa limejaa chumbani. Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, nadhani nilisema tu "Hapana." Mmoja wa wale wawili aliniwekea mkono begani. Afisa aliivuta mpaka mwisho, taratibu, akaiacha ijikunje sakafuni kama maganda ya embe, akafungua kopo la pili. Mtu asiyefanya kazi yangu atafikiri ameziharibu tu. Mimi nilijua kila moja ina nini. Ile ni ya mwari wakiinuka. Ile ni ya mtoto anayedai kaa. Na ile ya mwisho, iliyokuwa bado ndani ya kamera, alipofungua mgongo wa kamera na mwanga ukaingia, ndimo alimokuwa mama yangu na kidole chake juu.

Nililia. Sikuona aibu hata kidogo.

Alisubiri nimalize. Kisha akaegemea kiti, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Misumari ya geti la bandari ni mingapi?"

Sikuelewa kwanza, kisha nikaelewa, na nikatamani nisielewe. Nilijaribu kumtafuta mtu mwingine. Niliipekua bahari yote ile kwa mawazo, nikitafuta mashua iliyokuwa karibu, mvuvi, mtu yeyote mwenye masikio. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mimi, na tende, na yeye.

"Usijisumbue," afisa alisema, kana kwamba ananiona nikitafuta. "Hatukumwita. Alikuja mwenyewe, jana baada ya swala, akakaa kwenye benchi pale nje mpaka nikafika. Yeye hakukulinda wewe, basi wewe usimlinde yeye. Mlikuwa wawili mashuani. Wewe ulisema hayo ya geti. Yeye alisema nini?"

Nilikuwa nayo maneno yake yote, ya ushirika, ya mkubwa wake, na yale mengine. Yalikuwa yamenijaa mdomoni. Na sitasema kwamba sikuyaonja. Yule mtu aliyetoka msikitini akaenda kwenye benchi, kisha akaja nyumbani akanichagulia mnofu. Kwa dakika ile nilimtaka akae mahali pangu, kwenye kiti changu, aone filamu za maisha yake zikivutwa.

"Hakusema kitu," nikajibu. "Aliniuliza majina ya ndege."

"Safari yote?"

"Ndege ni wengi."

Aliniuliza hilo hilo tena siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata, maana walinilaza pale, kwenye chumba kilichokuwa na gunia la mchele na watu wengine wasiotaka kunitazama. Jibu langu lilikuwa moja. Mwishoni nadhani nilimchosha. Asubuhi moja alinirudishia kamera na lenzi, akanifungulia mlango mwenyewe.

"Waryaa," alisema, kama Wasomali wanavyomwita mwanamume, "rudi Mogadishu ukapige picha za harusi."

Sikwenda moja kwa moja kwenye kituo cha malori. Nilikwenda nyumbani kwake, kwanza kwa sababu nguo zangu zilikuwa kule, na pili kwa sababu nilitaka kumwona usoni. Alikuwa amekaa sebuleni, hakwenda kazini. Aliponiona alitaka kunikumbatia, mikono ikabaki hewani.

"Alhamdulillahi," alisema. "Alhamdulillahi. Nimekuombea kila swala."

"Kwa nini?" nikauliza. Sikumaanisha kuomba kwake.

Alielewa. Alikaa chini tena. "Waliniita," alianza. "Mtu aliona ile lenzi, akawaeleza, wakaniita wakanibana. Ningefanya nini? Nina watoto. Wakijua nimeficha..."

Nilimwacha aseme. Alisema kwa urefu, akaapa, akataja watoto mmoja mmoja. Ilikuwa vibaya kuliko chumba chenye gunia la mchele. Pale nilikuwa na maadui. Hapa nilikuwa nikimtazama mtu aliyenyonya ziwa moja na mimi akinidanganya huku akinitazama machoni, na alikuwa hodari. Kama nisingelijua ukweli, ningelimwamini.

Sauti ya mkewe ilitoka nyuma ya pazia la mlango wa ndani.

"Mwambie kweli."

Ndugu yangu aligeukia pazia.

"Mwambie kweli, au nitamwambia mimi. Ulitoka nyumbani kwa miguu yako mwenyewe. Nilikushika kanzu."

Ndugu yangu alifunika uso wake kwa mikono. Alipozungumza tena sauti ilikuwa nyingine, ndogo, ile ya mkekani tulipokuwa watoto.

"Nilisema mengi mashuani," alisema. "Tuliporudi nikaanza kuyakumbuka moja moja. Silali. Nikafikiri, huyu atarudi Mogadishu, anakaa na watu nisiowajua, studio inaingia kila aina ya mtu, wanajeshi wanakuja kupiga picha. Siku moja atateleza. Au atabanwa. Au, sijui, ataona faida. Nikafikiri, nikitangulia mimi, hata ukisema lolote hawatakuamini. Watasema unalipiza."

"Ulifikiri nitakusema."

"Niliogopa tu."

"Ulifikiri mimi nitakusema. Mimi."

Alianza kukunja ncha ya kanzu yake.

"Waliharibu filamu zote, hata ya mama, kisha wakaniuliza," nikamwambia. "Kila siku waliniuliza ulisema nini. Nikawaambia ulikuwa ukiniuliza majina ya ndege."

Nilifikiri maneno hayo yatanipa nafuu, yatamchoma naye nipone. Nilikuwa nimeyabeba siku zote zile nikisubiri kumtupia. Aliyapokea kama mtu aliyepigwa tumboni, akainama, na mimi sikupona. Nilichojua tu ni kwamba kwa miaka yote ile, kwenye mkeka mmoja, na juzi juzi kwenye tope akiniwekea kivuli, kulikuwa na mahali ndani yake ambapo mimi nilikuwa mtu wa kutiliwa shaka kama mtu mwingine yeyote. Kunisema kungeweza kuwa hofu ya siku moja. Hili lilikuwa na mizizi.

Shemeji alinitolea begi langu. Alikuwa amefua nguo zangu zote na kuzipiga pasi. Hakuniangalia, nami nikasema asante.

Niliondoka Kismayu bila kurudi Chovai kumuaga mama. Nilimtumia salamu kwa mtu wa Koyama, kisiwa jirani, niliyemkuta kituoni. Mwenye studio aliporudi kutoka Makka nilimkabidhi lenzi yake. Aliniuliza picha ziko wapi, nikamweleza yote. Alikwenda kufunga mlango wa mbele, akanikalisha kwenye kile kiti cha wateja na kunipikia chai mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Hatukulizungumza tena.

Ndugu yangu alipandishwa cheo bandarini baadaye. Sijui kama yalihusiana. Watu waliniletea habari wakidhani nitafurahi.

Mama sikumweleza. Kila nilipopata salamu zake aliuliza picha yake imetokaje, nami nikawa namjibu kwamba imetoka vizuri, kwamba naitafutia fremu. Alifariki bila kuumwa sana, na nilipopata habari nilisafiri usiku na mchana, nao wakachelewesha maziko mpaka nikafika. Ndugu yangu alikuwa pale. Tuliingia kaburini sisi wawili kumpokea, kwa maana ndio tuliokuwa wanawe, na mikono yetu iligusana chini ya sanda. Baadaye wanawake wa kisiwa waliniuliza kama kweli ninayo picha, maana marehemu aliwasimulia wote. Mmoja alisema, "Tuletee tumwone." Ndugu yangu alikuwa amesimama karibu. Alisikia. Aligeuka akaenda ufukweni, na alikaa huko mpaka watu walipoanza kumtafuta.

Kisha vita vilikuja, na visiwa vyetu, kama pwani yote, vikapata shida ambazo wengine wamezieleza vizuri kuliko mimi. Tulijikuta Mombasa, kila mtu kwa njia yake. Nilikutana naye mlangoni mwa msikiti, mwishoni mwa Shaabani, siku ambazo watu huombana radhi kabla ya kufunga. Alikuwa amezeeka upande mmoja, akiburura mguu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nduyangu, nisamehe. Kwa yote."

Watu walikuwa wakipita, wakivaa viatu, wakisalimiana. "Nimekusamehe," nikasema, na nilisema kweli kadiri nilivyoweza. Yeye alilia. Mimi nilimpigapiga bega.

Tangu hapo hunipigia simu kila Idi. Namuuliza hali ya mguu, ananiuliza hali ya watoto. Nilioa hatimaye, na ana habari za kila mmoja wao. Mazungumzo yanakwenda vizuri. Ila kuna wakati sauti yake hulegea, akaanza, "Unakumbuka kule Chovai, kwenye tope..." na kila mara mimi humwambia kwamba kuna mtu anabisha mlangoni, na kwamba tutazungumza siku nyingine.